Usiizike Kadi Ingali Hai

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Walikuwa wakisema juu ya vyombo vya baharini, nami naona maneno hayo yanaifaa pia tarakilishi. Sisi vijana tunapenda sana kandanda ya kwenye skrini. Kila jioni baada ya masomo utasikia ubishi wa nani kamfunga nani, na nani alipewa padi mbovu. Lakini uliza ni kitu gani kinachochora ule uwanja, zile jezi na yale majani, utaona watu wanatazamana. Na siku picha zinapogoma, kila mtu ghafla ni daktari: "Kadi imekufa, nunua nyingine."

Nimeamua kuandika makala haya kwa sababu mwezi wa Desemba 2025 maneno hayo manne yalikaribia kuila karo yangu. Nataka kueleza jinsi kadi ya grafiki inavyopimwa kabla ya kutangaziwa kifo, ili mwenzangu atakayepatwa na shida kama ile asitoe pesa bure.

Kwanza, kadi yenyewe ni nini? Ni kibao kinachochomekwa juu ya madabodi, yaani ule ubao mkuu wa kompyuta, na kazi yake ni kuchora. Skrini ya kawaida ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Zizidishe, utapata nukta 2,073,600. Mchezo ukienda vizuri, picha hubadilika mara 60 kwa sekunde. Kwa hivyo kila sekunde moja kadi inapaka rangi nukta zaidi ya milioni 124! Prosesa peke yake haiwezi kazi hiyo. Prosesa ni kama mwalimu mkuu: ana akili nyingi lakini ni mmoja. Kadi ni kama shule nzima iliyopewa ukuta iupake rangi, kila mwanafunzi na brashi yake. Kadi ya nyumbani kwetu ni GTX 1060 ya gigabaiti 6, iliyotolewa na kampuni ya Nvidia ya Marekani mwaka 2016. Hiyo ina vitengo 1,280 vya kupiga hesabu, vyote vinafanya kazi kwa wakati mmoja.

Sasa, shule nzima ikipaka rangi, itatoka jasho na itataka chakula. Vivyo hivyo kadi hutoa joto na hutaka umeme mwingi. Shika hayo mawili, joto na umeme, kwa maana shida nyingi zinazowekwa juu ya kadi hutoka huko.

Sisi tunaishi Likoni. Kando ya kibanda cha mama cha viazi karai na bajia, kaka yangu ana chumba kidogo chenye kompyuta moja ya kuchezea, runinga kubwa na mabenchi mawili. Mechi moja ni shilingi 20. Wakati wa likizo, siku ikiwa nzuri, anapata hata 600. Pesa hizo ndizo zinazolipa stima na mkate wa asubuhi. Mama naye yumo kwenye chama cha kina mama, na zamu yake ya kupokea ilikuwa Januari: shilingi 18,000. Nyumbani kila mtu alijua kazi ya pesa hizo. Zilikuwa salio la karo yangu na sare ya mdogo wangu. Shule yetu ni ya kutwa, lakini kutwa si bure kama watu wa nje wanavyodhani.

Wiki ya pili ya Desemba kompyuta ikaanza vituko. Ukiiwasha, inawaka sawasawa. Ukifungua mchezo, baada ya dakika kumi hivi skrini inakuwa nyeusi tititi, feni za kadi zinanguruma kama pikipiki inayopanda mlima, halafu basi. Ukiizima na kuiwasha tena, inarudi kama haijafanya kitu. Watoto wakaanza kudai 20 zao. Kaka akaitia ndani ya gunia la mchele, akavuka nayo feri kwenda mjini kwa fundi. Fundi aliiwasha, akafungua mchezo, nayo ikazima mbele ya macho yake. Akasema, "Kijana, kadi imekufa, nunua nyingine. Kwa elfu kumi na saba nakupatia nzuri."

Simlaumu fundi yule. Alikuwa na foleni ya watu mlangoni, na dalili aliyoiona kweli inafanana na ya kadi inayokufa. Lakini kufanana si kuwa. Mwenye homa huenda ana malaria, huenda ana jambo jingine; ndiyo maana zahanati wanakutoa damu kwanza kabla ya kukupa dawa.

Usiku ule kaka alimwomba mama azungumze na wenzake wa chama wampe zamu mapema. Mama alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, hizo pesa zina mwenyewe," akanitazama mimi.

Kaka akajibu, "Mama, bila kadi hata hicho kibanda kitalala. Si watoto wanaokuja kucheza ndio wanaonunua viazi?"

Wote wawili walisema kweli, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Asubuhi nikamwambia kaka, "Nipe siku tatu kabla hujanunua chochote." Akacheka. "We na Fizikia yako!" Lakini akanipa bisibisi.

Nilishika vitu viwili: daftari na sheria moja ya maabara. Mwalimu wetu wa Fizikia hutuambia kila mara kwamba ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja, hutajua ni kipi kilicholeta matokeo. Basi nikaugawanya ukurasa kwa rula. Kushoto nikaandika "Nilichobadilisha", kulia "Kilichotokea". Halafu nikaamua nianze na kisicho na gharama, na nitoke nje kuingia ndani. Usiku nilikuwa nikisoma kwa rununu ya kaka, na mchana nikiwauliza vijana wa mtaani wanaozijua mashine hizi, maana kuuliza si ujinga. Yale waliyokubaliana wengi ndiyo niliyoyafuata.

La kwanza ni nyaya. Nyuma ya kompyuta ya kuchezea huwa kuna mahali pawili pa kuchomeka kebo ya skrini: mahali pa madabodi, na mahali pa kadi ambapo kwa kawaida ni chini kidogo. Ukichomeka pa madabodi, hata kadi ya laki moja haitakufaa. Ama skrini itabaki nyeusi, ama mchezo utatambaa kama kobe, kwa sababu unachorwa na grafiki ndogo iliyo ndani ya prosesa. Kuna kijana mtaani kwetu aliyelalamika miezi miwili kwamba ameuziwa kadi dhaifu. Nilipozunguka nyuma ya meza yake, nikakuta kebo iko pa madabodi. Nikaihamisha. Sikulipwa pesa, lakini soda nilipewa. Jaribu pia kebo nyingine na skrini nyingine, na uhakikishe kwamba skrini yenyewe imechaguliwa mlango unaoutumia. Yetu nilibadilisha kebo, nikafungua mchezo, nikatazama saa. Ilizima dakika ya 11.

La pili ni draiva. Kadi haiwezi kuelewana na Windows bila programu ya kuiongoza, na programu hiyo mafundi huiita draiva. Nami naona sisi tuna jina lake tayari: ni dereva. Gari likiwa zima na dereva mlevi, mtaishia mtaroni. Dalili zake ni mchezo kujifunga wenyewe, skrini kuzima sekunde moja na kurudi, au katika orodha ya vifaa ya Windows kadi kuwekewa alama ya manjano na maneno "Code 43". Dawa yake si kuweka dereva mpya juu ya wa zamani wakagombania usukani. Pakua draiva kutoka tovuti ya waliotengeneza chipu, wawe Nvidia, AMD au Intel. Ni faili kubwa, kwa hivyo tafuta penye Wi-Fi, usimalize bando la mzazi. Kisha kata mtandao, iwashe Windows katika hali ya usalama, futa draiva ya zamani kabisa kwa programu ya bure iitwayo DDU, ndipo uweke mpya. Kama shida ilianza siku uliyosasisha draiva, rudia toleo la nyuma.

Kuna njia nyepesi ya kujua kama dereva anasingiziwa. Tazama skrini tangu kompyuta inapowaka, kabla Windows haijafunguka. Ukiona mistari na vidoadoa vya rangi tangu hapo, au ndani ya BIOS, usimlaumu dereva. Yeye bado hajaingia kazini. Yetu haikuwa na vidoadoa wakati wowote. Niliweka draiva mpya, ikazima dakika ya 9.

La tatu ni joto. Wote tunaijua Mombasa ya kaskazi, unaoga na unatoka jasho hapo hapo bafuni. Chumba cha kaka kina bati juu na dirisha moja. Kuna programu za bure, kama vile GPU-Z na MSI Afterburner, zinazoonyesha joto la kadi. Kadi nyingi zikiwa kazini hukaa kati ya nyuzi 60 na 80 na kitu. Kwa GTX 1060, kiwango cha mwisho alichokiandika mtengenezaji ni nyuzi 94. Kadi ikipata joto sana hujipunguzia kasi yenyewe, ndipo unaona wachezaji wanakimbia kama walio ndani ya maji. Joto likizidi hapo, kadi hujizima isiungue.

Yetu ilikuwa nyuzi 83. Nikafungua kasha. Msomaji, vumbi lililokuwamo lingetosha kujaza mto wa kulalia! Ukitaka kusafisha, zima kompyuta na uchomoe waya ukutani. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, kisha uguse chuma kitupu cha kasha ili umeme tuli wa mwilini mwako usije ukaingia kwenye chipu. Tumia brashi laini iliyo kavu. Zishike feni kwa kidole zisizunguke ovyo, na usipulize kwa mdomo, kwa sababu mate ni maji. Baada ya kusafisha, joto lilishuka hadi nyuzi 71. Kama lisingeshuka, hatua ya kufuata ingekuwa kumtafuta mtu mzoefu aifungue kadi na kubadilisha ule uji mzito unaokaa kati ya chipu na chuma cha kupoza, maana baada ya miaka hukauka. Kwetu haikuhitajika.

Nikafungua mchezo. Kaka alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono kifuani. Nyuzi 71, picha safi kabisa, dakika kumi zikapita. Dakika ya 12, giza.

"Si nilikwambia?" akasema, akatoka nje.

Siwezi kusema sikuvunjika moyo. Lakini nilipolitazama daftari, niliona kwamba sikuwa nimepoteza kitu. Sasa nilikuwa na ushahidi kwamba si kebo, si dereva, na si joto. Mvuvi akitupa wavu mara tatu asipate kitu, walau ameshajua samaki hawako wapi.

La nne ni kukaa kwa kadi mahali pake. Kadi ni nzito, na baada ya muda huinama ikaachana kidogo na madabodi. Huku pwani kuna na hewa ya chumvi inayochafua meno yake. Unaichomoa, unaisugua meno polepole kwa raba safi ya penseli au kitambaa chenye spiriti, unaiacha ikauke, kisha unairudisha mpaka usikie kile kibanio kikisema "tak". Hapo hapo unaweza kuchomoa na kurudisha vipande vya RAM pia, maana skrini ikiwa nyeusi tangu mwanzo na kompyuta inalia milio, mara nyingi mwenye kosa ni RAM, na kadi inasingiziwa tu.

Nilipokuwa nikichomoa kadi ndipo niliposikia harufu, kama ya plastiki iliyokaribia moto. Nikaufuata ule waya wa umeme wa kadi kwa kidole, ukapita nyuma ya diski, nikafika mwisho wake. Plagi ilikuwa imegeuka kahawia, na pembe yake moja imeanza kuyeyuka.

Hapa naomba uvumilie hesabu kidogo. GTX 1060 inahitaji wati 120. Sehemu inapochomekwa kwenye madabodi hutoa wati 75 tu, basi zilizobaki huletwa na waya wa pekee kutoka kwenye kisanduku cha umeme, yaani pawasaplai. Waya wa pini sita umewekewa wati 75, na wa pini nane wati 150. Kompyuta yetu ilijengwa ndani ya kasha la zamani la ofisini, na pawasaplai yake ilikuwa ya wati 280, haina waya wa pini sita. Nvidia yenyewe imeandika kwamba kompyuta yenye kadi hiyo iwe na pawasaplai ya wati 400. Aliyeiunganisha kabla haijamfikia kaka alitafuta njia ya mkato. Alichukua adapta, akaiunga kadi kwenye plagi ya SATA, ambayo ni ya kulishia diski. Plagi hiyo ina pini tatu za volti 12, na kila pini imekusudiwa ampea 1.5. Jumla ni ampea 4.5. Fizikia inasema volti mara ampea ni wati, kwa hivyo 12 mara 4.5 ni wati 54. Upande huu unaweza kutoa 54, na upande ule unaweza kudai mpaka 75. Mtu wa miguu amebebeshwa mzigo wa punda!

Hapo mambo yote yakaeleweka. Kompyuta ikiwa imetulia, kadi inakula umeme kidogo, kwa hivyo inaonekana nzima. Mchezo ukianza, kadi inadai chakula chake chote, waya unapata moto, umeme unapungua, na kadi inazirai. Ukiizima ikapoa, inaamka. Kadi haikuwa inakufa. Ilikuwa na njaa.

Lakini kueleweka si kuthibitika. Jirani yetu mmoja ana kompyuta yenye pawasaplai ya wati 500 na waya halisi wa pini sita. Nilimbembeleza atukubalie tuiweke kadi yetu humo jioni moja. Ukurasa wangu wa daftari ukaishia hivi:

Kebo nyingine: ilizima dakika ya 11.
Draiva mpya: ilizima dakika ya 9.
Vumbi limetolewa, joto nyuzi 71: ilizima dakika ya 12.
Kadi imechomolewa: plagi ya umeme imeungua. Isiwashwe tena.
Kadi kwa jirani, wati 500: saa mbili, haikuzima.

Kaka alicheza hizo saa mbili bila kusema neno. Siku ya pili tulivuka feri pamoja kwenda kwa fundi yule yule, tukanunua pawasaplai iliyotumika ya wati 500 kwa shilingi 3,500. Nilimwonyesha daftari. Alilisoma lote, juu mpaka chini, akaitazama ile plagi, akasema, "Binti, huku nyuma ya diski mimi sikufika." Kisha akapiga picha ukurasa ule kwa simu yake. Kwangu mimi huyo ni fundi wa kweli, kwa sababu hakuona haya kujifunza mbele ya wateja wake. Januari mama alipokea zamu yake, na zile 18,000 zikaenda zilikopangiwa.

Sasa mwenzangu asije akafikiri nasema kwamba kadi haifi. Hufa. Mwezi wa Februari 2026 rafiki yangu mmoja aliniomba nimtazamie kadi yake, RX 580 ya AMD, aliyoinunua kwa akiba ya mwaka mzima. Skrini ilikuwa na miraba ya zambarau na mistari ya kijani. Tulifuata daftari lile lile. Vidoadoa vilionekana hata ndani ya BIOS. Tukabadilisha kebo, tukabadilisha skrini, tukaihamishia kadi kwenye kompyuta nyingine yenye umeme wa kutosha. Vidoadoa vikahama nayo. Kilichohama na kadi ni cha kadi. Nikamwambia kwamba kwa dalili zile, kumbukumbu ya kadi au chipu yenyewe ndiyo imeharibika, na atafute mwenye mitambo ya kubadilisha chipu, lakini gharama yake huenda ikapita thamani ya kadi.

Kuna mtu alikuwa amemshauri aioke kadi ndani ya joko, ati itafufuka. Nilimkataza kabisa. Huenda ikafufuka siku mbili tatu kisha ikafa tena, na moshi wa plastiki na madini utabaki katika joko la kupikia chakula cha watu. Rafiki yangu alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Afadhali nimejua." Hakununua kebo ya bure, wala pawasaplai ya bure, wala hakumlipa mtu amdanganye. Alianza kuweka akiba upya akijua anaiwekea nini.

Kwa wanaotaka kununua kadi zilizotumika, nina neno. Mpaka tarehe 15 Septemba 2022, watu wengi duniani walitumia kadi za grafiki kuchimba sarafu ya mtandaoni iitwayo Ethereum, usiku na mchana. Siku hiyo mfumo wake ulibadilishwa, kadi zikawa hazina kazi, na nyingi zikauzwa kama mitumba. Si zote mbovu, lakini usinunue kwa kuangalia boksi. Omba iwashwe mbele yako, ichezeshwe nusu saa, utazame joto na usikilize feni. Ifungue na GPU-Z pia, kwa sababu wako matapeli wanaobadilisha jina ndani ya kadi kuukuu ili ijiite ya kisasa, na programu hiyo inawatambua wengi wao. Na mchezo ukikwama-kwama, usikimbilie kununua kadi. Huenda RAM ni ndogo, diski ni ya zamani, au prosesa imezidiwa.

Wapenzi wasomaji, nimejifunza kwamba neno "imekufa" ni jepesi sana mdomoni, na anayelilipia si yule anayelisema. Tunalitumia kwa mashine, na tunalitumia kwa watu pia. Mwanafunzi akisinzia darasani na kushindwa na Hisabati, twasema huyo kichwa hakuna. Nani amefuata waya wake mpaka nyuma ya diski? Huenda hajala tangu jana. Huenda anatembea kilomita nyingi kabla ya kengele. Sisi wa Kidato cha Tatu, ambao ndio wa mwisho wa 8-4-4 na tutafanya KCSE mwaka 2027, tusikubali kuambiwa, wala kujiambia, kwamba somo fulani limeshatufia. Tuchukue daftari, tubadilishe jambo moja moja, tuandike kilichotokea.

Kwa hayo machache natua kalamu. Anza na kebo, mtazame dereva, pima joto, hesabu wati, jaribu kadi kwenye mashine nyingine. Hayo yote yakikamilika na bado ni giza, hapo izike kwa heshima. Lakini pima kwanza.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu